Zamu ya Usiku, Kitanda cha Nne

Siku ya tatu baada ya kisu, bado kimya.
Naweka stetoskopu chini ya kitovu,
kando ya bandeji,
nahesabu dakika mbili kwa saa ya ukutani.
Hakuna. Ni kama kulaza sikio juu ya mto Ongi
mwezi wa Februari: barafu,
na chini ya barafu unaamini tu kuwa kuna maji.

"Mmenikata kiasi gani?" Dulamjav aliniuliza jana.
Shibiri mbili, nikamwambia.
Akacheka kwa hadhari, mkono juu ya mshono.
"Nimeosha matumbo ya kondoo tangu nina miaka saba.
Shibiri mbili? Hata mbwa hashibi."

Kisha akanisimulia kuhusu karai.
Kichwa kiko kule, juu ya theluji, macho wazi,
ngozi imeshakunjwa,
na ndani ya karai utumbo bado unatembea,
unajibana, unajinyosha,
kama jamaa wa mbali asiyepelekewa habari ya msiba.
"Nani anauamuru, daktari?"

Nilisoma miaka sita Ulaanbaatar
nikakosa jibu la kumtosha mama wa karai.
Nilimwonyesha kwa mkono wa sweta yangu:
ndani, utando telezi, wenye vinyweleo vinavyonyonya;
kisha misuli ya duara, hii hubana;
kisha misuli ya urefu, hii hufupisha;
na katikati yao, wavu wa neva
mwembamba kuliko uzi wowote aliowahi kushonea,
seli mamilioni, zote na wazo moja:
nyuma ya tonge, kaza,
mbele ya tonge, legea.
Basi. Hiyo ndiyo elimu yao yote,
na kwa elimu hiyo tumekula tangu tuzaliwe.

"Na kichwa?"
Kichwa kina malango mawili, nilisema,
la kumeza na la kuachia,
na hilo la pili unajua mwenyewe lilivyo na kiburi.
Kati ya hayo, kuna neva moja ndefu ishukayo toka fuvuni,
lakini ni kama barabara ya huku kwetu:
mizigo inayopanda mjini ni mingi,
inayorudi ni michache.
Tumbo huarifu. Ubongo husoma, ukipata nafasi.

Hofu ina njia yake, ya uti wa mgongo.
Ikipita husema: simameni.
Na utumbo ulioshikwa na mikono ya watu,
hata mikono yenye glavu, hata yangu,
hununa.

Saa kumi kasoro. Jiko la makaa limepoa.
Mkwe wake, Nansalmaa, amelala kitini na buti zake.
Naweka tena kile chuma, nimekipasha kiganjani.
Ongea utumbo, naliomba tumbo la bibi,
ongea upuuzi wowote.

Tone.
Kimya kirefu.
Halafu mkoromo mdogo, upande wa kulia,
halafu kitu kama mlango wa ghala ukisukumwa,
halafu, chini ya blanketi, bila haya wala dibaji,
ushuzi.

Nansalmaa akashtuka. "Nini?"
"Sikuuagiza mimi," akasema Dulamjav gizani.
Wala mimi, nikamjibu,
nikaandika kwenye faili: 3:52, upepo umetoka,
mkono ukinitetemeka kwa furaha ya kijinga,
naye keshaanza kudai chai ya maziwa, yenye chumvi,
bakuli zima.

Kijiko kimoja, nikasema.
"Viwili," likajibu tumbo, au yeye.