Chumba Namba Nne

Usiku wa kwanza Eilidh alinikabidhi mtoto
kama mtu arudishaye sahani ya jirani:
kwa adabu, bila kunitazama.
"Mpe mwenye mikono," alisema.
Mikono yake ilikuwa pale, juu ya shuka,
imelala kama glavu zilizosahauliwa kwenye basi.

Nje, Glasgow ilinyeshewa na ile mvua yake ya rasharasha
isiyo na haraka ya kwisha.
Ruaridh, wiki saba, alinyonya chupa kifuani pangu,
macho yakitafuta uso wa kutua.

Wodi yetu ina vitanda sita
na ubavuni mwa kila kitanda, kijitanda.
Hatumtenganishi mtu na wake.
Kila robo saa nachungulia kwenye kioo cha mlango,
naandika: yu macho. Yu macho.
Saa nane na nusu: amegeukia ukuta.
Saa tisa kasorobo: yu macho.

Wageni huuliza,
kwa nini mtoto asikae kwa bibi yake,
mama apone kwanza?
Huwa siwajibu. Nawapa chai.

Mimi, Senga, nilikuwa na miezi mitatu
mama yangu alipochukuliwa, mwaka wa sitini na moja.
Nikapelekwa Paisley, kwa shangazi.
Alirudi nina mwaka na nusu.
Amepona; barua ya daktari ilisema hivyo.
Akanyoosha mikono,
nami nikajificha nyuma ya sketi ya shangazi,
nikaiita ile sketi Mama.
Miaka hamsini alinipikia, alinifulia,
wala hakuwahi kunigusa
bila kwanza kupiga hodi.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.
Sawa. Na uchungu wa mzazi?

Siku ya kumi na moja nilijaza karai maji ya uvuguvugu.
Sikumwambia, "Mpende."
Nani hupenda kwa kuamriwa?
Nilimwambia, "Nishikie taulo."
Akashika.
"Nishikie kisigino, kinateleza."
Akashika.
Ruaridh akapiga teke, maji yakamrukia mama shavuni,
naye hakuyafuta.
Alikitazama kile kidole gumba kwa muda mrefu.
"Ana kucha," akasema.

Sikupiga makofi.
Usiku uleule alilia hadi sauti ikakauka,
daktari akabadilisha dozi,
Tormod, mumewe, akasinzia kitini na viatu vyake vya kazini,
matope ya barabarani yakidondoka sakafuni kidogokidogo.

Lakini saa kumi na moja alfajiri, nilipochungulia,
alikuwa amepenyeza mkono kati ya fito za kijitanda.
Kidole kimoja tu.
Mtoto alikuwa amekikamata.

Karatasi yangu ina safu moja, ya mgonjwa mmoja.
Nikaandika: wamelala.
Asubuhi msimamizi aliweka alama nyekundu juu ya neno,
akaniuliza, nani na nani?