Kopo la Ndeshi

Nyuma ya nyumba yetu, Uru, ng'ambo ya mfongo,
matembele yalitoboka kama chandarua kikuukuu.
Nikasema: wiki hii ni sumu. Nikaazima bomba
kwa Aminieli, anayepulizia hata visivyo na wadudu.

Ndeshi akaniomba nisubiri.
Alikuwa na mmoja, mnene kama kidole gumba cha baba yake,
pembe mkiani, michirizi ubavuni;
akamtia kwenye kopo la siagi, akatoboa kifuniko kwa msumari.
"Huyu atakuwa nondo mkubwa, mama."

Nilikuwa nimekalia ndoo, namenya ndizi,
nilipomwona.
Si yule nyigu wa darini, mwenye kiuno cha maringo.
Huyu ni nukta. Mkato uliotoroka daftarini.

Hakuongozwa na macho.
Jani lililotafunwa halinyamazi:
linatoka jasho la kijani, linashitaki hewani,
naye huyasoma mashitaka kwa papasi,
akipanda, akipotea, akirudi,
hata akatua penye mavi ya kiwavi,
akayagonga, akayagonga tena,
kama mnunuzi wa kahawa anayenusa gunia
na hataki kutaja bei.

Kiwavi akashtuka. Akatupa kichwa huku na huku, akatema kijani.
Nyigu akangoja.
Kisha mgongoni, na sindano. Mara moja tu.
Akajipangusa miguu, akaenda zake,
kama mkunga aliyemaliza zamu Mawenzi.

Yule wa kopo alikuwa ameshachomwa, hatukujua.
Alikula. Lo, alivyokula!
Ndeshi alimletea majani kabla ya shule na baada ya shule,
akamsifu hamu yake,
kumbe meza ilikuwa ya wageni.

Siku ya tisa ngozi ikafanya matundu.
Wakatoka weupe, uchi, wakajisukia
kila mmoja shuka lake
mgongoni mwa aliye hai bado.
Mchele uliosimama wima.
"Mayai!" nikasema, nikanyoosha kidole nivisage.
Ndeshi akafunika kopo kwa kiganja.

Alihesabu thelathini na saba.
Akahesabu upya, thelathini na saba.
Kiwavi hakugusa jani tena. Alitikisa kichwa tu,
polepole, kama anayekataa,
au kama mlinzi anayesinzia getini.

Jumapili, kengele ya pili ikilia,
vifuko vikafunguka vifuniko:
moshi mdogo wenye mabawa
ukapenya tundu za msumari
ukashika njia ya matembeleni.

Bomba nililirudisha na sumu yake yote.
Aminieli aliuliza kama limeharibika.
Nikasema hapana, nikaondoka.

Usiku tulikula mboga yenye matundu.
Ndeshi alinyamaza mpaka sahani ikakaribia kwisha.
"Mama, alijua anamlisha nani?"

Nikamwongezea matembele.