Kifungu cha Nne

Mimi ndiye katibu. Naandika yaliyosemwa,
injini hazina mahali katika muhtasari.

Tuko tisa, magari tisa, yanayowaka saba.
Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa kumi na mbili na nusu,
kabla mikokoteni ya Kirumba haijaifunga barabara,
tunakutana kituo cha mafuta, Pasiansi.
Mlinzi hatujui majina, anayajua magari:
Mwangaluka, Subaru! Mwangaluka, Selika!
Mimi ananiita Alteza.
Lilikuwa la marehemu kaka yangu,
naliendesha kama mtu asomaye barua ya mwingine.

Kisha Igombe, kwa njia ya uwanja wa ndege.
Matumbo yetu yako nchi tatu tu juu ya lami,
kwa hiyo matuta tunayapanda kimshazari,
kama mtu apitaye na sinia mlangoni.
Bodaboda wanatupita wakicheka.
Mbio zetu zote, za mwezi mzima,
ni kilomita mbili na robo, pale lami inaponyooka,
mawe yamebebana kandokando kama mashemeji
waliopanda viti wamwone bibi harusi,
na tabo ya Majura inavuta pumzi, fyuuu,
halafu kona,
halafu ng'ombe,
halafu dagaa walioanikwa mpaka ukingoni mwa lami
na Nyamisi juu yao na fagio lake:
Vumbi lenu mtalila wenyewe!
Tunapita kama tulio msibani.

Selika nyekundu, ya mwaka tisini na nne, ilikuwa ya Lugembe.
Miaka kumi na mmoja. Gia ya pili ilikuwa kaidi:
usiisukume, alikuwa akisema, ibembeleze,
ipeleke kidogo upande wa tatu, iambie habari za huko,
itaingia yenyewe kwa wivu.
Gasketi aliingojea miezi mitano kutoka Yokohama,
ikafika ya gari jingine.
Akaitundika sebuleni
kama picha ya mchumba aliyemkimbia.

Mwezi wa tatu aliiuza.
Binti amepata chuo, udaktari, na ada haisubiri.
Hakumwambia mtu. Tuliiona tu Selika ikiingia Pasiansi
na kijana ndani, Ngassa, wa duka la simu Makoroboi,
na nyuma yake, kwa miguu, Lugembe,
mkononi kishikio cha funguo, bila funguo.

Ajenda ya tatu: uanachama.
Kifungu cha nne: Mwanachama awe na gari.
Majura alikisoma kwa sauti ya mwenyekiti,
kisha akaikunja karatasi vibaya
na kuikunjua, na kuikunja.
Doto, ambaye huwa hasemi,
ambaye gari lake tunalisukuma toka kwake hadi kikaoni
mwaka wa pili huu, akauliza:
Na mimi je? Nina gari, au nina bati lenye viti?

Hakuna aliyecheka. Hilo nimeliandika.

Ngassa, aliyeambiwa asubiri nje,
akawasha ili asogee kivulini.
Sijui pupa gani ilimpeleka hadi ya pili.
Gia ikakwaruza, krrrr, makorongo wakaruka jalalani,
na Lugembe, ameketi juu ya tairi kuukuu,
ametupa mgongo, haangalii,
mguu wake wa kushoto ukakanyaga klachi
ambayo haikuwepo.

Sote tuliuona ule mguu.

Kifungu cha nne sasa kinasomeka hivi, kwa mwandiko wangu:
Mwanachama awe na gari,
au mguu unaolikumbuka.
Kura nane za ndiyo. Moja haikupigwa,
mwenyewe alikuwa ameshainuka, ameinama dirishani kwa Ngassa,
akimweleza, taratibu, habari za tatu.

Mkutano ulifungwa saa mbili na dakika kumi.
Chai haijalipwa.