Ulegevu

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa plaiwudi.
Nikiuamuru mkono wa mashine uchore duara
unanichorea yai.
Onditi, fundi wa kuchomelea, akachungulia kibandani:
"Mashine yako imelewa."

Nikauza baiskeli. Nikaleta Kariobangi
reli za mtumba, za kiwanda kilichofungwa Lunga Lunga.
Yai likanenepa kidogo, likakaribia.
Kumbe ulegevu haufi, huhama:
ulitoka relini ukajificha darajani.
Nikaufuata huko na boriti ya chuma
niliyoishindilia mchanga na gundi
hadi tukaibeba watu wanne.

Jana usiku, stima iliporudi,
jino lilizunguka kwenye mvule
bila kunung'unika.
Nikapima kipenyo mara tatu.
Duara.

Sasa meza ndiyo inayotetemeka.