Ukucha

Kilima ni cha chuma. Dira imetushinda,
sindano yazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala,
kwa hiyo Bi Tonkin anapima kwa kamba:
mita kumi, kigingi, mita kumi nyingine.
Mimi naandika.

Kwenye ramani ya kampuni kilima ni namba.
Lorraine, ambaye nchi hii ni ya bibi zake,
analijua jina.
Alituonyesha njia jana, akashuka na chupa yake ya maji,
hakulitaja. Hatukuwa tumeuliza.

Tunachotafuta hakifiki gotini.
Hakina majani, au kinayo magamba tu,
yaliyokauka kabla ya kuwa majani.
Kilichobaki ni mashina: nyaya, nyaya,
fundo la nyaya lililosokomezwa kwenye ufa wa jiwe
kana kwamba fundi wa umeme aliitwa chakula cha mchana
akasahau kurudi.

"Tetratheka," asema Bi Tonkin, akiwa amepiga magoti.
Kigiriki hicho: visanduku vinne.
Jamaa zake wako mashariki ya mbali ya bara hili,
miti mirefu ya msitu wa mvua, yenye matunda ya buluu.
Huyu alibaki.
Mvua ilipohama hakuifuata,
alipunguza matumizi.

Kimoja tu kina ua, nalo limechelewa,
la waridi, linatazama chini
kama mtoto aliyeulizwa nani kavunja kikombe.
Nililiinua kwa kalamu. Ndani, stameni nyeusi zimebanana,
kila moja na kitundu kimoja nchani,
chembamba kuliko nukta ninayoiweka hapa.
Mkono mtupu haulambwi, walisema waliotangulia,
na ua hili halina asali hata tone.
Lakini nyuki wa huku huja, huling'ang'ania kwa miguu,
hukunja mbawa, hutetemesha kifua chake chote,
na sauti hiyo, si nguvu, sauti,
ndiyo ufunguo: chavua humwagika
kama chumvi kutoka kwenye kichupa.
"Nyuki akikosea noti?" niliuliza.
"Anarudi nyumbani njaa," alisema.

Fomu ina safu mbili: Hai. Mfu.
Vuletich, dereva, asiyependa kusubiri kwenye gari lililo kama tanuri,
alipanda mara moja akatazama.
"Vyote vimekufa," akasema. "Andikeni twende."

Hapo ndipo nilipouona ukucha.
Bi Tonkin alikwangua shina, polepole,
kama unavyokwangua namba za siri kwenye vocha.
Chini ya ganda la kijivu: kijani.
Hai. Kingine. Kijani. Hai.
Siku nzima hivyo, dole gumba likigeuka jekundu kwa vumbi la chuma,
na mimi nikitia alama, alama, alama,
mpaka namba mia mbili na kumi na moja.

Alikwangua: kahawia.
Akashuka kidogo: kahawia.
Karibu na jiwe, ambapo shina linaingia gizani,
ukucha haukufika.
Alikaa kitako. Umri wake wote ulikaa naye.
"Niandike nini?"
Hakujibu. Alikuwa anatazama siafu,
hapana, si siafu, sisimizi wadogo weusi,
wamebeba mbegu yenye kinyama cheupe cha mafuta,
wataula huo mnofu huko chini na kuitupa mbegu jalalani,
na jalala lao ni ufa,
na ufa ndio shamba pekee kilima hiki kilicho nalo.

Hakuna safu ya sisimizi.

"Acha wazi," akasema mwishowe.
Wiki tatu baadaye ofisi ilirudisha fomu,
mduara wa wino mwekundu kwenye kisanduku kitupu.
Alikirudisha kikiwa kitupu,
pembeni yake, kwa penseli:
*Muulizeni tena mvua ikinyesha.*