Kilo Tano Huku, Kilo Tatu Kule

Kapi halina msuguano, kitabu kimesema.
Kamba haina uzito.
Kamba gani hiyo, nikajiuliza,
isiyo hata na pembamba pa kukatikia?

Januari, Kaunas. Theluji ilikuwa imeziba nusu ya dirisha la jikoni.
Niliandika: mkazo ni hamsini,
kwa kuwa kilo tano huvutwa chini kwa hamsini.
Nikafuta. Nikaandika thelathini.
Nikafuta tena, hadi karatasi ikatoboka
na meza ikachungulia.

Baba aliingia saa sita usiku, vumbi la mapazia kwenye nyusi.
Miaka ishirini na miwili anapandisha misitu ya mbao
na kushusha miezi ya bati jukwaani,
na aljebra hajui hata ya kuombea maji.
Akasoma swali, koti bado mwilini.
"Nani anashikilia?"
"Hakuna. Imeachiwa."
"Basi hiyo hamsini ya nani?"

Kesho yake akanipandisha darini, juu ya jukwaa tupu.
Akafunga mifuko miwili ya mchanga,
na juu ya ule mzito akapachika mizani ya bibi,
ile ya kupimia samaki wa Nemunas, bado inanuka.
Akaung'ang'ania mwepesi usipande.
"Soma."
Tano.
Akaachia.

Sikusoma. Nilitazama mifuko ikipishana.
Akarudisha. Tena. Tena.
Mara ya nne nikauona mshale:
ulirudi nyuma, chini kidogo ya nne,
ukatulia hapo kwa muda wa kupepesa jicho.
Kumbe kinachoshuka
hakiilemei kamba kwa uzito wake wote.

Nikaitenganisha: mfuko huu peke yake, na mishale yake miwili;
ule peke yake, na yake.
Kisha nikairudishia mchapuko mmoja, mbili na nusu,
na kamba ikajibu thelathini na saba na nusu
pande zote mbili, bila upendeleo.

Baba alinisikiliza akisugua kidole chake kisicho na ncha.
"Siku ile," akasema, "walipakua msitu kabla ya vyuma."
Hakuendelea.
Nilipiga hesabu mwenyewe, kimya:
kilo mia mbili huku.
Kule, mkono.

Mwalimu Daukšienė alinipunguzia nusu alama.
Nilisahau kuandika nyutoni.