Mstari wa Chaki

Elburgon, Julai. Ukungu umelalia viazi
na mabati yanatoka jasho la baridi.
Naweka kiganja juu kabisa ya tangi: moto.
Nakishusha usawa wa kifua: vuguvugu,
chai ya mgeni mwenye maneno mengi.
Kwenye goti, kisima kitupu.
Tangi moja, maji yale yale,
na katikati hakuna ukuta.

Fundi Kimosop ndiye aliyenionyesha.
Alichora kwa chaki, akafuta kwa kiwiko, akachora tena.
“Ya moto ni mepesi, mama, yatakaa juu yenyewe.
Wewe hakikisha tu baridi inaingia kwa chini,
taratibu,
kama mtu aliyechelewa ibada.”

Kisha Kipng’eno akaja kutoka Nakuru na pampu.
Ya kisasa, alisema, ina nguvu.
Ilivuma usiku kucha kama nyuki ndani ya debe.
Alfajiri vipimajoto vyote vitatu vilisema neno moja:
thelathini na nne.
Thelathini na nne, thelathini na nne.

Sikuibiwa joto. Kuni zilikuwa zile zile,
mkaratusi niliopasua kwa mikono hii,
na hesabu ukiijumlisha inakuja sawasawa.
Joto lote lilikuwamo tangini
na baba yake alitetemeka hadi meno yakagongana,
miguu yake ya baridi yabisi imekumbatia bomba
lisiloweza kumpa kitu.

Niliizima. Sikugombana na mtu.
Kijana alisimama mlangoni na spana yake,
akagusa tangi juu, akagusa chini,
akagusa juu tena.
“Kwa hiyo kazi ni kutolikoroga,” akasema.
Nikamwambia alete kuni.

Sasa nawasha jiko jioni, mara moja,
na moto unajaa kuanzia juu kwenda chini.
Mstari unashuka kidole kwa kidole.
Nauweka alama kwa chaki kila nikiamka:
saa nne, kwapani. Saa sita, kitovuni.
Mwenzangu anakoroma, soksi amezivua.

Kukikucha utaanza kupanda, najua.
Lori la maziwa likipiga honi kule barabarani
itakuwa imebaki shibiri moja tu ya moto, pale juu,
nami nitaifungulia beseni yake ya kunawa
kabla sijaikumbuka yangu.